Leo Kanner, daktari wa usonji aliyewatua wazazi mzigo

Mtoto akichelewa kusema, au akiitwa asigeuke, mara nyingi mama ndiye anayenyooshewa kidole. Leo tunamwangalia daktari ambaye maandishi yake yaliwahi kuongeza mzigo huo, kisha yeye mwenyewe akawatua wazazi.

Leo Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji ambacho sasa kiko Ukraine. Alisomea udaktari Berlin, Ujerumani, na mwaka 1924 akahamia Marekani. Mwaka 1930 alianzisha kliniki ya afya ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Wanazi walipowaandama Wayahudi Ulaya, Kanner, naye Myahudi, aliwasaidia madaktari wengi kupata hifadhi Marekani.

Mwaka 1943 alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Walipenda kukaa peke yao, walirudiarudia maneno na hawakutaka mazoea yao yabadilishwe. Hali hiyo ndiyo usonji. Kanner aliona kwamba wamezaliwa nayo. Aliandika pia kuwa 5 kati yao walikuwa na vichwa vikubwa kiasi.

Baadaye akaandika kwamba wazazi wa watoto hao walikuwa wakavu, hawaonyeshi mapenzi. Maneno hayo yalienea, na akina mama wakalaumiwa miaka mingi. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi, Kanner alitamka wazi kwamba hawana hatia. Alifariki mwaka 1981.

Leo tunajua kuwa baadhi ya watoto wenye usonji wana jeni iliyobadilika, inayoufanya mwili ukue kupita kiasi. Mfano ni hali adimu ya Sotos, iliyoelezwa mwaka 1964. Mtoto hurefuka haraka, kichwa chake huwa kikubwa, naye huchelewa kujifunza. Wengi wana dalili za usonji. Jeni yenyewe iligunduliwa mwaka 2002, na mara nyingi hubadilika bila mzazi yeyote kuwa na hali hiyo.

Kichwa kikubwa peke yake si usonji. Huenda ni umbo la ukoo, au ni maji kichwani, ambayo yanahitaji hospitali haraka. Mpeleke mtoto kliniki apimwe kichwa kwa utepe, na umweleze mhudumu jinsi anavyosema na kucheza. Atakayemlaumu mama, msimulieni habari za Kanner.