Hugh Tracey na nyimbo zilizopita karibu na Ruwenzori

Katika kitivo chetu majina ya Meinhof, Guthrie na Meeussen hutajwa kila muhula. Kila anayesoma lugha za Kiafrika hapa anajua kwamba Guthrie aliipa Kinande namba D.42, na kwamba wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kuchunguza toni zake na upatanifu wa irabu zake. Hugh Tracey hutajwa mara chache sana. Yeye hakuwa mwanaisimu, hata shahada ya muziki hakuwa nayo. Lakini mwaka wa 1952 alipita kando ya msitu wa Ituri akarekodi nyimbo za Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti, na leo rekodi zile ni miongoni mwa sauti za zamani tulizo nazo za watu wetu wakiimba kwa lugha yao. Naandika maisha yake kwa sababu naona kazi aliyoianza imebaki mikononi mwetu sisi wanafunzi wa lugha, nasi hatujaishika.

Tracey alizaliwa mwaka wa 1903 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika familia kubwa ya daktari wa kijijini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kaka yake Leonard alipewa shamba Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na Hugh akamfuata akiwa kijana ambaye hajafika miaka ishirini. Walilima tumbaku katika eneo la Gutu, kwa Wakaranga. Kazi ya shamba ilimweka kutwa nzima pamoja na vibarua waliokuwa wakiimba wakilima. Akajifunza lugha yao, kisha akajifunza nyimbo zao, akaimba nao. Mpangilio huo una maana: lugha ilitangulia, muziki ukafuata. Baadaye aliposhikilia kwamba wimbo wa Kiafrika hauwezi kutenganishwa na maneno yake, alikuwa anasema jambo alilolijua kwa kinywa chake mwenyewe.

Wazungu wengi wa wakati ule waliziona nyimbo zile kuwa kelele za washenzi. Wamisionari walizipiga marufuku katika vijiji vyao, na shule zikafundisha watoto tenzi za Ulaya. Tracey aliona kwamba vijana wa Kikaranga wenyewe wameanza kuzionea haya nyimbo za baba zao. Mwaka wa 1929 aliwachukua vijana kumi na wanne akasafiri nao hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ya London ilikuwa imeleta mitambo ya kurekodi. Santuri zilizotoka huko ni kati ya za kwanza kabisa za muziki wa asili wa nchi ile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikutana London na watunzi Ralph Vaughan Williams na Gustav Holst. Hao wawili walikuwa wamepita njia kama yake kwao: Vaughan Williams tangu mwaka wa 1903 alikuwa akizunguka vijiji vya Uingereza akiandika nyimbo za wazee wa mashambani kabla hawajafa. Walimtia moyo aendelee kukusanya na kuutangaza muziki huo. Akapata msaada wa Carnegie, akarudi Rhodesia kurekodi, kisha akaingia kazi ya redio Afrika Kusini. Kuanzia mwaka wa 1936 hadi 1947 aliongoza studio ya Durban. Kutoka huko alivuka mara nyingi kwenda Msumbiji kwa Wachopi, wapigaji wa marimba makubwa yaitwayo timbila. Kitabu chake juu yao, kilichotoka mwaka wa 1948, kinaweka maneno ya nyimbo kwa Kichopi pamoja na tafsiri, na kueleza kwamba nyimbo zile zilikuwa kama gazeti la kijiji: zilimsema chifu mbaya, zililalamikia kodi, ziliwacheka wenye majivuno.

Safari kubwa zilianza baada ya hapo. Kwa msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo alitengeneza gari lenye mitambo na jenereta. Jenereta iliwekwa mbali na wanamuziki, ikaunganishwa kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie. Tracey mwenyewe alishika maikrofoni mkononi, akawa anatembea kati ya wapigaji, akimsogelea mwimbaji wakati wa maneno na kusogelea ngoma wakati wa ngoma. Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo wimbo wa usiku kucha ulikatwa ukawa kipande kidogo. Anayesikiliza leo akumbuke hilo: anasikia dirisha, nyumba yenyewe haionekani yote.

Mwaka wa 1952 aliingia Kongo ya Wabelgiji. Huko Jadotville, leo Likasi, alimrekodi kijana mpiga gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili, na santuri ile ikamfanya Mwenda ajulikane mbali. Katika mwaka huohuo alirekodi ngoma za ikulu ya mwami wa Rwanda na muziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda. Ufalme wa Rwanda uliondolewa mwaka wa 1961. Ikulu ya Kabaka ilishambuliwa na jeshi mwaka wa 1966, na pamoja nayo zikapotea ngoma za entenga na wapigaji wake wakatawanyika. Mtu aliyepita na maikrofoni miaka michache kabla hakujua kwamba anaaga.

Na alipita kwetu. Katika rekodi za ukingo wa Ituri, Kinande kinasikika pamoja na lugha za majirani zetu wa msituni. Mpenzi mmoja wa muziki huko Uholanzi alizitoa tena kwenye diski tangu mwisho wa miaka ya 1990, na sasa anayetaka anaweza kuzisikiliza kwa simu hapa Butembo, umeme na mtandao vikiruhusu. Nilizisikiliza kwanza kama mwanafunzi wa fonolojia. Tahajia ya Kinande tuliyoachiwa na misheni haiandiki toni, na Kinande bila toni ni nusu ya Kinande: neno moja kwa herufi zilezile hugeuka maana sauti ikipanda au ikishuka. Vitabu vya zamani vya dini vimetupa maneno ya babu zetu bila sauti zao. Rekodi inatupa sauti. Tena inatuonyesha namna mwimbaji anavyofuata toni ya maneno anapotunga, kwa kuwa wimbo ukienda kinyume cha toni msikilizaji hukosa maana. Tracey alilipigania jambo hilo miaka mingi. Aliwalaumu wamisionari waliochukua tuni za Ulaya na kuzibandika juu ya maneno ya Kiafrika, sauti ikapanda mahali neno linaposhuka, na waumini wakaimba wasichokielewa.

Baadaye nilimpelekea nyanya yangu, mzaliwa wa Bashu. Alisikiliza mara mbili akiwa kimya. Halafu, kabla ya kusema lolote juu ya wimbo, alisema mwimbaji si mtu wa milimani kwetu. Kwa matamshi yake alimweka upande wa bonde, kuelekea msituni. Akanieleza maneno mawili ambayo sikuyajua na ambayo nilikuwa nimeyaandika vibaya. Nilitumia wiki nzima na kamusi ya Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka, kazi kubwa ya watu wa kwetu, nikaona kwamba kamusi na nyanya wanahitajiana. Wazee kama yeye hawatakuwepo kila siku.

Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iitwayo ILAM kwa kifupi, huko Roodepoort karibu na Johannesburg. Humo alipanga santuri zaidi ya 200 za mfululizo alioupa jina la Sauti ya Afrika. Kwa kila wimbo aliandika kadi: lugha, mahali, aina ya wimbo, ala, na vipimo vya sauti za ala alivyovipima kwa uma za sauti. Katika mwaka huohuo alianza kutengeneza na kuuza ala ndogo ya vidole aliyoiita kalimba, ambayo leo inapigwa duniani kote; Maurice White wa Earth, Wind & Fire aliipeleka kwenye majukwaa makubwa ya Marekani. Mwanafunzi wa Kibantu hutabasamu akiliona jina hilo: ni shina lilelile la marimba, lililovaa kiambishi cha udogo. Hali kadhalika enzenze ya Kinande na zeze ya Kiswahili ni ndugu. Ala zimesafiri pamoja na majina yao.

Si haki kumsifu bila kusema upande wa pili. Tracey aliishi na kufanya kazi katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na kampuni za migodi zilimsaidia kwa fedha. Kuona kwake kila kabila na muziki wake, kila mmoja mahali pake, kuliwapendeza watawala waliotaka kuwatenganisha watu. Alipenda muziki alioudhani safi, ingawa masikio yake yalikuwa mapana kuliko nadharia yake, kama alivyomrekodi Mwenda na gitaa lake. Huku Kongo alipitia kwa watawala na machifu, na mtu aliyeitwa na chifu kuja kuimba mbele ya Mzungu hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Alivuka lugha zaidi ya 100. Hakuweza kuzijua zote, hivyo maelezo ya kadi ni mafupi na yanategemea mkalimani. Na juu ya yote, sauti zilikwenda kusini zikakaa huko. Walioziimba wengi hawakuzisikia tena.

Alifariki mwaka wa 1977. Mwaka uliofuata maktaba yake ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, chini ya mwanawe Andrew. Ni katika miaka yetu hii ndipo safari ya kurudi ilipoanza. Mwaka wa 2015 wimbo wa Chemirocha, aliourekodi kwa wasichana wa Kipsigis mwaka wa 1950, ulirudishwa Kenya kwa wazee waliokuwa bado wanaukumbuka. Uganda walimu wa muziki walitumia rekodi za zamani pamoja na mpigaji mmoja mzee aliyebaki, wakawafundisha vijana entenga tena.

Waairishi wanatufundisha jambo hapa. Mwanzoni mwa karne iliyopita Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyezaliwa Ireland, alichapa kitabu chenye tuni 1,850 za kwao. Kitabu peke yake hakikufufua kitu. Mwaka wa 1951, mwaka mmoja kabla Tracey hajafika Ituri, wapigaji wa kawaida waliunda chama chao na kufanya tamasha huko Mullingar. Tangu hapo watoto hujifunza kwa wazee, kijiji kwa kijiji, na muziki huo sasa unapendwa pote duniani. Lakini wengi wanaoupenda hawasemi Kiairishi. Wimbo unaweza kuvuma na lugha yake ikadhoofika. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona kwetu pia, ambapo kwaya zimejaa na Kinande cha ndani kinapungua kila kizazi.

Kwetu kuna hatari nyingine ambayo Waairishi wa mwaka wa 1951 hawakuwa nayo. Wimbo wa kulima unaishi shambani, wimbo wa olusumba unaishi katika jando, wimbo wa msiba unaishi matangani. Tangu mwaka wa 2014 mauaji katika vijiji vya Beni yamewatoa watu mashambani mwao na kuwabana mijini na makambini. Asiyeweza kufika shambani hana pa kuimbia wimbo wa shambani. Tracey alidhani redio, shule na migodi ndiyo itakayozima nyimbo. Hakufikiria kwamba siku moja njia ya kwenda shambani yenyewe itafungwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa na wenzangu wa kitivo ni la kazi. Rekodi za Wanande zipo na zinasikika. Kila moja iandikwe neno kwa neno, toni ziwekwe, tafsiri ya Kiswahili na Kifaransa iongezwe, na wazee waitwe kusahihisha, wakiwemo waliokimbia na kukaa Butembo kama wakimbizi. Ng'ambo ya mlima Wakonzo, ndugu zetu wa lugha, bado wanapiga endara, marimba yao ya watu kadhaa, tuulizane nao. Hizo ni mada za kazi za mwisho wa masomo kwa miaka mingi, na hazihitaji gari wala jenereta. Zinahitaji simu, daftari, na mzee mwenye subira.