Vélocio, Mzee wa Gia

Wapanda baiskeli wa leo wana deni kwa Mfaransa mmoja, marehemu Paul de Vivie, aliyejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi, Vélocio. Namleta ukurasani kwa sababu vijana wa Garsen wanaoanza baiskeli za gia hubishana kila siku: ni gia ipi ifaayo, na mguu uende mbio kiasi gani? Maisha ya mzee huyu yana jawabu.

Alizaliwa mwaka wa 1853 katika mji wa Pernes, kusini mwa Ufaransa. Kwanza alifanya biashara ya hariri, lakini baiskeli ilimteka moyo hata akaiacha hariri. Mwaka wa 1887 aliingia katika biashara ya baiskeli mjini Saint-Étienne, akaanzisha na gazeti lililokuja kuitwa Le Cycliste. Alikuwa msafiri mkubwa, wala hakula nyama.

Saint-Étienne umezungukwa na milima, na baiskeli za wakati ule zilikuwa na gia moja tu. Iliyofaa mahali tambarare iliumiza magoti mlimani. Iliyofaa mlimani ilichezesha miguu bure mahali tambarare. Vélocio aliona kwamba ila haikuwa ya mguu bali ya chombo. Akajaribu kubadilisha gia, kwanza kwa kuhamisha mnyororo kwa mkono, kisha kwa mitambo. Mlima wa Grand Bois, upitao mita 1,100, ndio uliokuwa mizani yake.

Wakubwa wa mbio hawakumkubali. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka wa 1903, alishikilia kwamba gia nyingi ni za watu waliopita miaka 45, na kwamba ushindi ni wa misuli. Alisema hivyo hata baada ya jaribio la mwaka wa 1902, ambapo husimuliwa kuwa mwanamke, Marthe Hesse, alipanda milima kwa baiskeli ya gia tatu na kumshinda bingwa mwanamume mwenye gia moja.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya milimani, na sisi wa nyanda za Mto Tana hatuna mlima hata wa dawa. Nasema tunao. Mlima wetu ni upepo wa kusi usoni mwa atokaye Garsen kwenda Malindi, ni mchanga, ni tope jeusi baada ya mvua, ni gunia la maembe kwenye karia.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, miguu ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara 2.4. Hamia meno 24 nyuma, nalo litazunguka mara 2 tu: mwendo hupungua, na mzigo wa goti nao hupungua. Anayeanza na achague gia itakayomwezesha kuzungusha miguu kiasi cha mara 70 hadi 90 kwa dakika, bila ya kurukaruka juu ya kiti. Miguu ikianza kuwa mizito, ashushe gia mapema. Vélocio alifundisha kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, na kutoufikisha mwili kwenye uchovu wa mwisho. Na gia ni hivyo hivyo.

Nawaona vijana wetu wakiona haya kutumia gia nyepesi, wakidhani ni ya wazee na akina mama. Lakini goti la kijana abebaye maji au abiria ndilo mtaji wake. Likiharibika, ni nyumba nzima itakayolala njaa. Chuoni tulifunzwa kwamba mwili nao una haki yake juu ya mwenyewe, na haki hiyo hailipwi kwa ubishi.

Vélocio alifariki mwaka wa 1930, baada ya kugongwa na tramu katika mji wake wa Saint-Étienne. Tour de France haikuruhusu gia za kubadilisha kwa mnyororo mpaka mwaka wa 1937, na yeye alikuwa kaburini miaka saba. Leo hakuna bingwa wa mbio hizo aendaye bila ya gia, wala hakuna aonaye haya kushusha ya nyepesi afikapo mlimani. Naye wa Garsen, kusi ikimkabili, asione haya.