Akii-Bua na Njia ya Kwanza: Subira Tunayojifunza kwa Mkimbiaji wa Lango



Ndugu zangu wanafunzi, pale Nakasero kuna barabara inayoitwa Akii-Bua. Wengi wetu tumeipita tukiwa juu ya bodaboda bila kujiuliza jina hilo ni la nani. Toleo hili linatoka wakati wengine wetu wanasubiri matokeo, wengine wameshajua kwamba watarudia mitihani, na wengine hawajui karo ya muhula ujao itatoka wapi. Kwa hiyo nimeona tumkumbuke mwenye jina hilo.

John Akii-Bua hakuwa Mwislamu, nasi hatumvishi vazi ambalo si lake. Lakini Mwislamu haoni haya kuokota hekima popote anapoikuta. Na uwanja wa mbio si mahali pageni kwetu: Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari moja akashindwa na safari nyingine akashinda.

Mchunga ng'ombe aliyekuwa polisi

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949, Abako, katika nchi ya Walango kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na watoto wa baba huyo mmoja walikuwa 43. Katika ukoo mkubwa namna hiyo mtoto hajui kudekezwa. Alichunga ng'ombe, akaacha shule mapema, na katikati ya miaka ya 1960 akaja Kampala kujiunga na polisi.

Huko polisi ndiko mbio zake zilikoonekana. Alianza na mita 110 za kuruka viunzi. Ofisa aliyemfundisha aliweka mwamba juu ya kiunzi ili kijana ajifunze kupita akiwa ameinamisha mwili. Akiinuka kidogo tu, mwamba unampiga kwenye paji la uso. Alivuja damu, lakini hakuacha.

Mwaka 1968 akaja kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyemhamishia mita 400: mzunguko mzima wa uwanja na viunzi 10 njiani. Ni mbio zinazotaka kasi, pumzi na hesabu ya hatua kwa pamoja. Mwaka 1970 akaenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne. Wa nne hapandi jukwaani wala havishwi medali. Alirudi Kampala mikono mitupu, akaendelea na mazoezi.

Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya mchezo. Alikimbia amevaa fulana yenye uzito wa kama kilo 11, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kuliko vile vya mashindano. Hapakuwa na kamera wala mashabiki. Hapa tujiulize, kaka na dada: ni wangapi kati yetu tuna bidii siku mbili kabla ya mtihani, kisha tunaiita tawakkul? Mtume (s.a.w.) ametufunza kupenda amali inayodumu hata ikiwa ndogo. Kurasa tano za kitabu kila baada ya Alfajiri zina uzito kuliko usiku mmoja wa kukesha kwa kahawa.

Njia ya kwanza

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani, Akii-Bua alisimama kwenye fainali ya Olimpiki. Alikuwa amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wanariadha wa mbio hizi hawaipendi, kwa sababu kona yake ni kali na humvunjia mkimbiaji hatua zake. Tena aliye njia hiyo huanza nyuma ya wote. Anapoinua macho kabla ya bastola kulia, anawaona wenzake saba wote wako mbele yake.

Miongoni mwao alikuwemo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Mmarekani Ralph Mann. Bastola ikalia. Hemery alitoka kwa kasi, lakini walipoingia moja kwa moja ya mwisho, polisi wa Uganda alikuwa amewafikia, kisha akawaacha. Saa ilisimama kwenye 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann akawa wa pili na Hemery wa tatu. Uganda ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, na mshindi akauzunguka uwanja tena kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Ndugu msomaji, tukae kidogo hapa. Mkimbiaji wa njia ya kwanza anaonekana wa mwisho, lakini umbali wake ni mita 400 zilezile. Wenzake wako mbele kwa sababu uwanja umepimwa hivyo, wala hawajamshinda. Wewe uliyetoka kijijini Arua au Iganga, ukafika chuoni na kukuta wenzako wana kompyuta zao na Kiingereza chepesi, usidhani mbio zimekwisha kabla hujaanza. Mwenyezi Mungu hamhesabii mja njia ya mwenzake. Kila mmoja ataulizwa alichofanya katika njia aliyopewa.

Pale ambapo bidii haikulipwa

Kama hadithi ingeishia Munich, ingekuwa tamu na nyepesi. Haikuishia hapo.

Akii-Bua alijiandaa kwa Montreal 1976. Nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo hiyo kupinga New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda nayo ikajitoa. Sababu ya mgomo ilikuwa ya haki, lakini gharama ililipwa na wanariadha. Edwin Moses wa Marekani akachukua dhahabu, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjwa yeye akiwa hayumo uwanjani.

Kisha ikaja vita ya 1979. Akii-Bua na familia yake wakakimbilia Kenya. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini kama wakimbizi wengine. Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Alikimbia tena Olimpiki ya Moscow 1980, lakini hakuvuka nusu fainali. Baadaye akarudi nyumbani, akaendelea kulitumikia jeshi la polisi na kufundisha vijana riadha. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Hakuishi kuona Stephen Kiprotich akiiletea Uganda dhahabu ya pili ya Olimpiki, London 2012, miaka 40 baada ya Munich.

Wengi wetu tunaifahamu subira kama biashara: navumilia leo, nilipwe kesho. Maisha haya yanatuonyesha vingine. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa, na mlango ukafungwa na watu asiowajua. Ndiyo maana malipo ya wenye kusubiri yako kwa Mola wao, na hayakufungwa kwenye medali wala shahada. Nabii Yusuf (a.s.) hakutoka gerezani siku aliyotaka yeye. Nabii Ayub (a.s.) hakupewa tarehe ya kupona. Ukirudia mtihani ukafaulu, sema alhamdulillah. Ukirudia na mlango ukabaki umefungwa, ujue juhudi yako haikupotea mbele ya Yule anayeona.

Jambo tusilolikwepa

Kuna jambo ambalo sisi Waislamu wa Uganda huwa hatupendi kulitaja. Akii-Bua alishinda katika zama za Idi Amin. Utawala ule ulimpandisha cheo na ukaita barabara kwa jina lake, na wakati huohuo Walango na Waacholi, watu wa kwao, walikuwa wakiuawa. Alikimbia akiibeba bendera ya nchi ambayo jina la kabila lake lilitosha kumhatarisha mtu.

Mtawala yule alikuwa Mwislamu. Hilo halitufanyi wenye hatia, lakini halituruhusu kunyamaza. Suratun Nisaa inatuamrisha kusimamia uadilifu hata ikiwa ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Nasi tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa jina: baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, Waislamu wasio na kosa waliuawa magharibi mwa nchi kwa sababu tu ya dini yao. Basi mwanafunzi mwenzako kutoka Lira akikusimulia yaliyompata babu yake, msikilize. Usimkatize kwa kumtetea mtu ambaye hata hukumjua.

Tunachobeba

Tukirudi kwenye madarasa yetu, tubebe mambo matatu. Kwanza, mazoezi ya siri ndiyo yanayoonekana siku ya mashindano. Pili, usiipime safari yako kwa mahali mwenzako aliposimama. Tatu, fanya bidii kama mtu anayetaka kushinda, na uukabidhi moyo wako kwa Mwenyezi Mungu kama mtu anayejua kwamba ushindi hauko mkononi mwake.

Na safari nyingine ukipita barabara ile ya Nakasero, kumbuka alivyosimama nyuma ya wenzake saba.

Mwenyezi Mungu atupe subira, atufungulie yaliyofungika, na atujaalie uadilifu kwa watu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.