Marigny: Tajiri wa dadu aliyeuza shamba akaacha jina la mtaa

JUMAMOSI asubuhi pita kwenye kibanda chochote cha kubeti, utawakuta washkaji wameinamia simu wanasuka mikeka. Mmoja kaweka timu sita, mwingine kumi na tano, na kila mmoja ana stori ya timu iliyomchania mkeka wiki iliyopita dakika ya 90.

Leo weka simu pembeni kidogo. Kuna jamaa mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita ambaye kila anayebeti anapaswa kumjua. Alizaliwa na mkwanja ambao hata wachezaji wa Ulaya wangemwonea wivu, akapenda dadu, na alipokufa utajiri ule haukuwepo tena.

Anaitwa Bernard de Marigny. Ndiye anayetajwa kuupeleka Marekani mchezo wa dadu ambao leo haukosekani kwenye kasino kubwa za Las Vegas, yaani krapsi.

ALIZALIWA NA KILA KITU

Marigny alizaliwa mwaka 1785 New Orleans, mji ulio kwenye kingo za mto Mississippi. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Wahispania, ila wenyeji wengi waliongea Kifaransa, na familia yake ilikuwa miongoni mwa familia kubwa za Kifaransa pale.

Ukubwa wake uone hapa. Mwaka 1798 mwana wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, Louis Philippe, akiwa uhamishoni, alifika New Orleans na kupokewa nyumbani kwa baba yake Bernard. Mgeni huyo baadaye alikuja kuwa mfalme wa Ufaransa, kuanzia 1830 hadi 1848.

Baba alifariki mwaka 1800. Bernard akiwa bado kijana mdogo akarithi shamba kubwa lililopakana na mji, nyumba na fedha. Kiasi kinachotajwa sana ni dola milioni saba, na hiyo ni pesa ya miaka ile.

Tusifichane hapa. Utajiri huo ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Mashamba ya akina Marigny yalilimwa na Waafrika na watoto wa Waafrika ambao hawakulipwa hata senti moja. Kwa hiyo kila dola iliyokuja kuchezewa dadu, kuna mtu aliyekuwa ameitolea jasho.

LONDON AKAKUTANA NA HAZARD

Kijana alikuwa mtundu, matumizi yake hayana breki. Akapelekwa Uingereza ili akanyooke. Ni sawa na kumpeleka mpenda bia akajifunze nidhamu kwenye kiwanda cha bia.

London ya wakati ule matajiri walikuwa wanacheza dadu usiku kucha. Mchezo wao uliitwa Hazard. Siyo yule winga wa zamani wa Chelsea, huu ni mchezo wa karne nyingi na sheria zake zilikuwa ngumu kama sheria ya kuotea ukimweleza mtu asiyejua mpira.

Iko hivi, mrushaji alianza kwa kuchagua namba kuu kati ya tano na tisa. Kila namba ilikuja na masharti yake ya lini umeshinda, lini umeliwa na lini unarusha tena. Marigny akayameza yote, kisha akarudi nayo nyumbani.

Hapo ndipo Hazard ilipoanza kuwa krapsi. Masharti ya kuchagua namba yalikuja kuondolewa, namba kuu ikabaki moja tu, saba. Ukawa mchezo ambao hata mpakia mizigo wa bandarini angeweza kuujifunza kwa dakika chache.

Jina lenyewe lina maelezo mawili. Wapo wanaosema limetoka kwenye neno la Kiingereza la kaa, ambalo wacheza Hazard walilitumia kwa mrusho mbaya kabisa. Wengine wanasema limetoka kwenye neno la Kifaransa la chura, kwa sababu wachezaji walichuchumaa chini kama vyura.

UNACHEZWAJE?

Kama hujawahi kuuona, sikiliza. Dadu ni mbili, kila moja ina pande sita. Zidisha, unapata matokeo 36 yanayoweza kutokea. Ukishaelewa hiyo 36, umeelewa krapsi nzima.

Saba ndiyo namba inayotoka mara nyingi kuliko zote kwa sababu ina njia sita kati ya hizo 36. Sita na nane zina njia tano kila moja, tano na tisa zina nne, nne na kumi zina tatu. Tatu na kumi na moja zina mbili. Mbili na kumi na mbili, kila moja ina njia moja tu.

Dau la msingi linawekwa upande wa mrushaji. Mrusho wa kwanza ukileta saba au kumi na moja, umeshinda hapohapo, ni kama bao la dakika ya kwanza. Ukileta mbili, tatu au kumi na mbili, umeliwa hapohapo.

Ikitoka namba nyingine, yaani nne, tano, sita, nane, tisa au kumi, hiyo inakuwa pointi yako. Sasa mechi inaanza upya. Unarusha tena na tena mpaka pointi yako irudi ushinde, au saba itangulie uliwe.

Umeona ujanja ulipo? Saba iliyokuwa rafiki yako kwenye mrusho wa kwanza, sasa imehamia timu pinzani. Na ndiyo namba yenye njia nyingi kuliko zote.

Pointi yako ikiwa nane, una njia tano dhidi ya sita za saba. Hapo bado mechi ipo. Ikiwa nne, una njia tatu dhidi ya sita. Hapo umeshapigwa kadi nyekundu, unacheza pungufu.

Ukijumlisha yote, katika michezo 495 ya dau hili, kwa wastani unashinda 244 na kupoteza 251. Tofauti ni michezo saba tu. Ukiweka Sh1,000 kila mchezo, umezungusha Sh495,000 na umepoteza Sh7,000. Ni kidogo, ila mwenye meza hachoki na halali. Anaisubiri hiyo saba yake usiku kucha.

MADAU YA KUTAMANISHA

Meza ya kasino haiishii kwenye dau hilo. Ina madau ya kila aina, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

Chukua dau la kwamba mrusho unaofuata utaleta saba. Kasino inakulipa mara nne ya ulichoweka, juu ya dau lako kurudi. Inavutia. Sasa piga hesabu ya mirusho 36 kwa Sh1,000. Umetoa Sh36,000. Saba inakuja mara sita, kila mara unarudishiwa Sh5,000. Jumla Sh30,000. Sh6,000 zimekwenda.

Au dau la kumi na mbili. Meza nyingi zinalipa mara 30, mtu macho yanamtoka. Lakini njia ni moja kati ya 36, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa mara 35. Hizo tano zinazopungua ndiyo mshahara wa kasino.

Lipo dau moja tu ambalo kasino haijikatii chochote. Baada ya pointi kupatikana, unaruhusiwa kuongeza dau nyuma ya lile la kwanza, na linalipwa kwa hesabu ya haki kabisa. Pointi ikiwa nne, unalipwa mbili kwa moja, sawasawa na njia zake. Ila huwezi kuliweka bila kwanza kuweka lile la mwanzo ambalo kasino inakula. Na mezani mara nyingi halina hata sehemu yake iliyoandikwa. Wameyaandika kwa rangi yale yanayowalipa wao.

Mfumo huu wa madau haukuwa wa Marigny. Enzi zake wachezaji waliwekeana wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtengenezaji wa dadu wa Marekani, John H. Winn, ndiye anayetajwa kuleta dau la kumpinga mrushaji. Lilisaidia, kwa sababu anayerusha dadu zilizochezewa alijua wengine wanaweza kuhamia upande wa pili.

SHAMBA LIKAGEUKA MITAA

Turudi kwa jamaa yetu. Mwaka 1803 Marekani ilinunua eneo zima la Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. New Orleans ikaanza kufurika watu na kila mtu alitaka kiwanja.

Kuanzia mwaka 1805 Marigny akalikata shamba la baba yake na kuanza kuuza viwanja. Wazungu wageni walinunua, na watu weusi walio huru nao walinunua wengi. Mwaka 1809 wakaja wakimbizi zaidi ya 9,000 kutoka Cuba, watu waliokuwa wamekimbia mapinduzi ya Haiti, na eneo likazidi kujaa. Hadi leo linaitwa kwa jina lake, Faubourg Marigny.

Majina ya mitaa aliyatoa mwenyewe na aliyatoa kwa raha zake. Kulikuwa na Mtaa wa Mapenzi, Mtaa wa Watoto Wema na Mtaa wa Watu Wakubwa. Na mmoja akauita Rue de Craps, yaani Mtaa wa Krapsi. Mtu anauza urithi wake huku anauandikia kibao jina la mchezo unaoutafuna.

Mtaa huo ulikuja kuwa na kanisa, na waumini wakajikuta wanasali kwenye mtaa wa wacheza kamari. Mwaka 1850 jina likafutwa, ukaunganishwa na mtaa wa Burgundy.

NYUNDO ZIWANI

Usidhani alikuwa mlevi wa dadu tu. Alikuwa mwanasiasa, alishiriki kuandika katiba ya kwanza ya jimbo la Louisiana mwaka 1812 na akafika kuwa rais wa seneti ya jimbo. Ugavana aliugombea zaidi ya mara moja, akaangukia pua.

Kuna hadithi moja wanaipenda sana New Orleans. Inasemwa alitibuana na mbunge mwenzake, James Humble, fundi chuma mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Wakapanga kupigana kiume, Marigny akiwa mfupi wa kawaida tu.

Humble akaambiwa achague silaha. Akachagua nyundo kubwa za kufulia chuma, tena wapigane ndani ya ziwa Pontchartrain kwenye maji ya futi sita, ambako Marigny angezama hata kabla ya kuinua mkono. Marigny akacheka, ugomvi ukaisha kwa chakula na wakawa marafiki. Hadithi inasimuliwa kwa namna nyingi, ila zote zinamwonyesha kama mtu aliyejua kukubali kapigwa bao.

Tatizo ni kwamba mezani hakujua hivyo.

MWISHO WAKE

Ng'ambo ya ziwa hilo alikuwa na shamba la miwa aliloliita Fontainebleau, na mwaka 1834 akaanzisha pale mji wa Mandeville, akauza viwanja tena. Magofu ya kiwanda chake cha sukari yapo mpaka leo.

Lakini fedha iliingia kwa mlango na kutokea dirishani. Kwa haki, dadu hazikuwa peke yake. Kulikuwa na karamu, siasa, maamuzi mabovu ya biashara na mdororo wa uchumi uliolipiga taifa zima mwaka 1837. Ila dadu zilikuwepo muda wote, zikitafuna taratibu.

Februari 3, 1868, akiwa na miaka 82, Marigny alianguka barabarani New Orleans na kufariki. Hakuwa tajiri tena. Alizikwa kwenye makaburi ya Mtakatifu Louis, katika mji ambao sehemu yake kubwa iliwahi kuwa ya baba yake.

MKEKA WAKO JE?

Sikuandika haya kama padri. Nikiwa chuo niliwahi kuliwa hela ya kodi ya chumba kwa mkeka wa timu 11. Kumi zilitiki. Wiki mbili nzima nilijiona nimekosa bahati kwa timu moja tu.

Hesabu ya Marigny ndiyo iliyonifungua macho. Chukulia kwenye kila mechi kampuni inajikatia asilimia tano tu, ndogo kabisa. Ukisuka mechi kumi, makato hayajumlishwi, yanazidishwa. Kati ya kila Sh100 unayoweka, thamani inayobaki kwako ni kama Sh60. Ile Sh40 imeondoka kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

Ndiyo lile dau la kumi na mbili, limevalishwa jezi. Kadri malipo yanavyokuwa matamu, ndivyo mwenye meza anavyojikatia kipande kikubwa.

Marigny aliijua 36 yake vizuri kuliko mtu yeyote mjini kwake, na bado alikaa mezani mpaka shamba likaisha. Kujua sheria hakukumwokoa, kwa sababu sheria zenyewe hazimwambii mtu saa ya kuondoka.

Mkeka wako wa leo una timu ngapi?