Werner Hartenstein: aliokoa maadui baharini, ndege ikampiga mabomu

Usiku wa tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka 1942, katikati ya bahari ya Atlantiki, komanda mmoja Mjerumani alisikia watu ndani ya maji wakiomba msaada kwa Kiitaliano. Meli yao alikuwa ametoka kuizamisha yeye mwenyewe. Katika Vita ya Pili ya Dunia, Italia na Ujerumani walikuwa upande mmoja. Werner Hartenstein alikuwa amepiga watu wa kwao bila kujua.

Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1908 katika mji wa Plauen, Ujerumani. Aliingia jeshi la majini akiwa kijana, akaongoza mashua za vita, na mwaka 1941 akahamia nyambizi, zile meli zinazopigana chini ya maji. Akapewa moja, U-156. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa askari wa Hitler, na meli alizozamisha zinafika karibu 20. Mwezi wa pili mwaka 1942 alishambulia bandari ya mafuta ya Aruba, huko Karibea, lakini mzinga wake ulipasukia mikononi mwa askari wake kwa sababu walisahau kuondoa kizibo cha mdomo wake. Mmoja alikufa, mwingine akapoteza mguu.

Meli aliyoipiga usiku ule ilikuwa Laconia, ya Uingereza. Ilikuwa imetoka Suez, ikazunguka Afrika kwa upande wetu wa mashariki na kupita Cape Town. Ilibeba watu zaidi ya 2,700: askari, wanawake, watoto, na wafungwa wa vita Waitaliano karibu 1,800 waliofungiwa chini. Wengi wa wafungwa hao walifia mule mule, kwa maana milango haikufunguliwa kwa wakati.

Komanda wa nyambizi alikuwa na haki ya kwenda zake, na wengi walifanya hivyo. Hartenstein alianza kuvuta watu kutoka majini, Waitaliano kwanza, kisha Waingereza na Wapolandi, bila kuchagua tena. Asubuhi yake alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: alitangaza kwa redio, kwa Kiingereza na bila kuficha kwa namba za siri, mahali alipokuwa. Aliahidi kwamba meli yoyote itakayokuja kusaidia hataishambulia, kama naye hatashambuliwa. Kwa nyambizi, kusema uko wapi ni kuweka shingo yako juu ya kisu.

Wakubwa wake walimtumia nyambizi nyingine mbili za Ujerumani na moja ya Italia, na meli za Wafaransa zikaondoka Afrika ya Magharibi kuja kuchukua watu. Kwa siku ine U-156 ilikaa juu ya maji, watu karibu 200 wamejazana ndani na juu yake, na wengine karibu 200 katika mashua ilizozivuta kwa kamba. Waliokuwa na njaa walipewa supu na kahawa.

Tarehe 16, mbele ya saa sita mchana, ndege ya Marekani ikatokea. Ilikuwa imeruka kutoka kisiwa cha Ascension. Hartenstein alitandika bendera kubwa ya Msalaba Mwekundu juu ya mzinga, na mwanajeshi mmoja Mwingereza akatuma alama za taa kueleza kwamba kuna raia na watoto. Rubani aliuliza kwenye kituo chake afanye nini. Jibu lilikuwa: izamishe.

Alirudi na mabomu. Moja lilianguka kati ya mashua, likaua makumi ya watu, kati yao wale ambao Marekani ilikuwa inapigana pamoja nao. Hartenstein alikata kamba, akawaambia aliowaokoa waruke majini, akazama kukimbia. Wamarekani wa ndege hiyo walipewa medali, kwa kudhani wameizamisha nyambizi.

Msomaji wa Nyankunde hahitaji kuelezwa sana maana ya alama isiyoheshimiwa. Mwezi wa tisa mwaka 2002 wagonjwa wa hospitali yake waliuawa vitandani.

Meli za Wafaransa ziliokota karibu watu elfu moja. Mashua mbili zilipotea. Katika moja alikuwemo Doris Hawkins, muuguzi mmisionari aliyekuwa akitoka Palestina: walianza watu 68, wakafika pwani ya Liberia baada ya siku 27 wakiwa 16. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 1,600.

Siku moja baada ya mabomu yale, amiri Dönitz aliamuru nyambizi zake zote ziache kuokoa watu wa meli zilizozamishwa. Amri hiyo ilimfuata hadi mahakama ya Nuremberg.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki bahari iliona jambo la namna hiyo. Mwezi wa pili mwaka 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea. Manowari za Uingereza zilitupa mabomu ya majini hapo hapo, juu ya watu wao wenyewe. Walikufa zaidi ya 1,200. Makomanda wale walikuwa na sababu, maana meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Waliokuwa Ascension, hesabu yao ni ngumu zaidi kuielewa.

Hartenstein alipewa nishani kubwa ya Ujerumani tarehe 17 mwezi huo huo, akaendelea na vita. Tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka 1943, mashariki ya kisiwa cha Barbados, ndege nyingine ya Marekani iliikuta U-156 juu ya maji na kuivunja. Alikuwa na miaka 35. Rubani aliona wanaume kadhaa wakiogelea, akawatupia mashua ya mpira na chakula. Meli ya kivita ya Marekani ilitumwa kuwatafuta, ikazunguka mahali pale, haikukuta mtu.