Tshombe: kijana wa Musumba na diploma iliyokuja kwa posta

Mwezi wa Januari 1963, Moïse Tshombe alikuwa amebaki na mji mmoja tu mkubwa: Kolwezi. Elisabethville ilishamtoka mikononi, Jadotville (Likasi ya leo) vilevile, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walikuwa njiani. Kitu pekee alichobaki nacho cha kutishia ni kulipua viwanda vya shaba na mabwawa ya umeme ya mto Lualaba. Mwishowe hakulipua. Tarehe 14 Januari alitangaza kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini bila vita. Mtu aliyejifunza kupiga hesabu alikuwa amefungua daftari na kuona kwamba mali ikiteketea, hakuna tena cha kujadili.

Hiyo hesabu aliijifunzia wapi? Hapa ndipo hadithi ya Tshombe inawahusu hata vijana wa leo wa Lualaba, wale wanaojiuliza kila mwaka kama kukaa darasani mpaka Exetat kuna faida kuliko kwenda kuchimba madini.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo ambalo leo ni territoire ya Kapanga. Kwao hawakuwa maskini. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara mwenye magazini, kamiyo na mashamba, na watu walimtaja kuwa Mkongo wa kwanza kufikisha milioni ya franka. Damu ya kifalme ilikuwemo katika ukoo. Kwa hiyo mtoto alikuwa na mlango wa mila upande mmoja, na mlango wa biashara upande mwingine. Mlango wa tatu, ule wa shule, ulikuwa mwembamba zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Musumba na Sandoa zilikuwa nchi ya Wamethodisti kutoka Marekani. Tshombe alisoma kwao, kisha akaenda Kanene, kule Kinda, walipokuwa wanatayarisha walimu, akatoka na diploma ya ualimu. Kwa Mwafrika wa miaka ile, hiyo ilikuwa karibu na mwisho wa ngazi. Sekondari kamili kwa Waafrika ilikuwa karibu hakuna, isipokuwa seminari kwa wale waliotaka upadri. Na kijana Mprotestanti hakuwa na njia hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wamelisahau. Tangu miaka ya 1920 serikali ya koloni ilikuwa inatoa pesa kwa mashule ya misioni za Kikatoliki za Wabelgiji. Waprotestanti, ambao wengi wao walikuwa wageni, walingoja mpaka baada ya Vita vya pili vya dunia ndipo wakaanza kusaidiwa. Katika kambi za Union Minière pia, mashule yalikabidhiwa Wakatoliki. Basi mtoto aliyesoma Kanene aliweza kuwa na akili kama mwenzake wa misioni ya Kikatoliki, lakini karatasi yake haikuwa na uzito uleule kwenye ofisi ya mzungu. Walimu wake wenyewe walikuwa Wamarekani, na Kifaransa, lugha ya ofisi, kwao pia kilikuwa cha kujifunza.

Tshombe alilielewa hilo mapema. Alichukua masomo ya uhasibu kwa posta. Vijana wa leo, wenye simu mfukoni, labda hawapati picha ya kazi hiyo: somo linafika kwa barua, unalisoma peke yako bila mwalimu wa kuuliza, unaandika majibu, unayarudisha posta, unangoja. Alimaliza, akapata diploma ya pili. Chuo kikuu hakikuwako. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na ile ya Elisabethville mwaka 1956, wakati Tshombe alishapita miaka 35 na alikuwa na familia. Siku ya uhuru, Wakongo wote wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30.

Ukitazama viongozi wengine wa kizazi chake, unaona alama ileile ya benchi. Jason Sendwe, Muluba wa Kaskazini ya Katanga aliyekuja kuwa mpinzani wake mkubwa, alitoka katika mashule ya Wamethodisti haohao, lakini yeye alifuata masomo ya utabibu ya serikali mpaka akawa msaidizi wa daktari. Patrice Lumumba naye, kule Sankuru, alipita kwa Wakatoliki na kwa Wamethodisti, halafu akasoma shule ya posta ya Leopoldville na kuwa karani. Mmoja alijifunza kusimamia wagonjwa, mwingine barua na hundi za watu wote, wa tatu madaftari ya faida na hasara. Si kusema kwamba shule ndiyo iliamua yote. Lakini Sendwe alitegemea watu waliomjua hospitalini na vijijini, Lumumba aliiona Kongo nzima kama mtandao mmoja, na Tshombe, popote alipokwenda, aliuliza kwanza pesa inatoka wapi na inaingia mfuko gani.

Ajabu ni kwamba kwenye biashara yake mwenyewe hakufanikiwa sana. Zaidi ya mara moja maduka yalianguka, na mzee akalazimika kumwokoa. Baba alipofariki mwaka 1951, Moïse alirithi mali na madeni pamoja. Mwaka huohuo aliingia katika baraza la jimbo la Katanga na kukaa humo mpaka 1953. Hapo alionyesha alichokuwa nacho kweli: kuzungumza na wakubwa wa aina zote, mzungu wa kampani, mchungaji, chifu, bila kuonekana mdogo mbele ya yeyote. Kukua katikati ya ua wa Mwant Yav na nyumba ya wamisionari kulimfundisha hivyo kuliko daftari lolote.

Aliongoza chama cha Walunda mjini Elisabethville, halafu CONAKAT, iliyoundwa mwaka 1958. Mapema mwaka 1960 alikuwa Bruxelles kwenye mazungumzo ya meza ya mviringo. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Sababu alizotoa zilikuwa nyingi, lakini hesabu ilikuwa moja: shaba na kobalti za Katanga ndizo zilijaza sehemu kubwa ya sanduku la serikali. Union Minière ikaanza kulipa kodi zake Elisabethville badala ya Leopoldville, na kwa kodi hizo akalipa jeshi, maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa. Wapinzani na magazeti ya Ulaya walimpa jina la utani, Monsieur Tiroir-Caisse, yaani bwana sanduku la pesa.

Kuna mambo ambayo hayaingii kwenye safu ya mapato. Kaskazini ya Katanga, vijiji vya Waluba vilichomwa. Elisabethville, maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya wakimbizi. Na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa kwa ndege Elisabethville, wakapigwa, wakauawa usiku uleule. Tume ya bunge la Ubelgiji ilisema mwaka 2001 kwamba Tshombe na mawaziri wake walikuwako mahali pa kuuawa. Hilo ndilo watu wa Kisangani, Bukavu na Goma wanalokumbuka kwanza wakisikia jina lake, na ni haki yao.

Baada ya Kolwezi alikwenda uhamishoni Hispania. Halafu, kwa mzunguko ambao hakuna aliyeutazamia, mwezi wa Julai 1964 aliitwa Leopoldville kuwa waziri mkuu wa nchi ileile aliyotaka kuiacha. Maasi ya Simba yalikuwa yameshika sehemu kubwa ya mashariki. Tshombe akarudisha askari wa kukodiwa, na tarehe 24 Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji wakashuka Stanleyville kwa ndege za Marekani. Mateka waliokolewa, wengine wakauawa, na raia wa mji walilipa bei ambayo familia nyingi hazijaisahau.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambapo yule mwanafunzi wa uhasibu kwa posta alionekana wazi. Mwezi wa Februari 1965 alikwenda Bruxelles kumaliza ule ugomvi wa muda mrefu juu ya mali ambayo Ubelgiji ilikuwa imeshikilia tangu uhuru, yaani hisa za serikali ya koloni katika makampani, ikiwemo Union Minière. Ilikuwa ni kukaa na wanasheria na wahasibu wa Ulaya, mstari kwa mstari, deni kwa deni. Alirudi na mkoba wenye hati za hisa, akawaonyesha watu. Wakosoaji walisema alikubali madeni mengi mno pamoja na hisa, na hawakukosea kabisa. Lakini hakuna serikali iliyomtangulia iliyokuwa imefika hapo.

Muungano wake wa vyama, CONACO, ulishinda uchaguzi wa mwaka 1965. Haikumsaidia. Rais Kasavubu alimwondoa tarehe 13 Oktoba, na tarehe 24 Novemba Mobutu akachukua nchi. Tshombe akarudi Hispania, na mwezi wa Machi 1967 korti ya Kinshasa ikamhukumu kifo yeye hayuko. Tarehe 30 Juni 1967, ndege aliyopanda juu ya bahari ya Mediterania ilitekwa na kupelekwa Algeria. Aliwekwa kizuizini miaka miwili. Alifariki huko Algiers tarehe 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49. Madaktari walisema ni moyo.

Hakurudishwa Musumba. Mwili ulipelekwa Bruxelles, ukazikwa katika makaburi ya Etterbeek, kwa ibada ya Wamethodisti, kanisa lililomfundisha kusoma.