Daktari Burkitt na Dawa Iliyohitaji Mlinzi

Sisi wa majeshi twapenda kuwakumbuka mashujaa wa medani. Leo twamkumbuka mwanajeshi aliyepambana na adui wa namna nyingine, naye ni Daktari Denis Burkitt, aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari mpasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia kikosi cha madaktari cha jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alifika Uganda, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago.

Mwaka 1957 alionyeshwa hapo Mulago mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Alitambua kuwa hiyo ni saratani ya aina moja, akaandika habari zake mwaka 1958, na maradhi hayo yakaja kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali ili kujua maradhi hayo yameenea wapi.

Kisu hakikuweza kuushinda uvimbe ule, akageukia dawa. Mojawapo ilikuwa siklofosfamidi, iliyotengenezwa Ujerumani. Uvimbe ulinywea upesi, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Lakini silaha kali huweza kumjeruhi hata mwenye kuitumia. Dawa hiyo ikivunjika mwilini huzaa sumu iitwayo akroleni, ambayo hukusanyika katika kibofu na kuunguza utando wake, hata mgonjwa akakojoa damu. Kinga ya kwanza ilikuwa maji mengi na kukojoa mara kwa mara.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Baadaye wataalamu wa Ujerumani walileta dawa iitwayo mesna. Hiyo haiui saratani. Kazi yake ni kuingia katika mkojo na kuinasa sumu ile kabla haijadhuru. Anayetibiwa kwa ifosfamidi, iliyo jamaa ya siklofosfamidi, aghalabu hupewa mesna pamoja na dawa yenyewe, kisha tena baada ya saa 4 na saa 8. Zamu moja ikirukwa, lindo limebaki wazi.

Burkitt alifariki mwaka 1993, lakini vita vyake vinaendelea katika wodi zetu. Ndugu askari, ikiwa mkeo au mwanao anatibiwa kwa dawa hizi, mhimize anywe maji kadiri alivyoagizwa na daktari, aamke usiku kukojoa, wala asikose mesna ikiwa ameandikiwa. Akiona damu katika mkojo, mpelekeni hospitali mara moja. Kuificha kwa aibu, au kutoroka matibabu kwa hofu, ni kumwachia adui ngome ambayo tayari ilikuwa karibu kutekwa.